Kutyuni Golf GTI Mikocheni: kazi safi sana, huduma kwa mteja majanga

Nianze na pesa maana najua wengi hamsomi maelezo mnatafuta bei tu. Usafi wa vavu laki nne na nusu, PCV mpya (vavu ya kutoa mvuke wa oili kwenye injini) na kuifunga laki tatu na themanini, pampu ya kwenye tenki laki mbili na tisini, rimapu yenyewe, yaani kuandika upya programu ya kompyuta ya injini, milioni moja na laki mbili. Jumla milioni mbili laki tatu na chenji. Kazi naipa tisa kwa kumi. Huduma kwa mteja naipa nne na hiyo nne nimeweka huruma. Jina la gereji silitaji kwa sababu huko mbele nina malalamiko na sitaki ugomvi na mtu, ila ni upande wa Mikocheni viwandani, watu wa magari ya Kijerumani wengi mnaijua.

Gari ni Golf GTI ya sita, 2.0 TSI (injini ya lita mbili yenye tabo na daireki injekshen), ya kutoka Japan usukani kulia, hizi ambazo siku hizi zimejaa mjini. Kutoka kiwandani ina kilowati 155 ambazo ni kama farasi 210 hivi, ila yangu niliinunua mkononi kwa jamaa wa Sinza ikiwa tayari ina faili la mtu, yaani programu ya kompyuta iliyobadilishwa na fundi mwingine, na muuzaji mwenyewe alijisifia kabisa "braza hii ni steji wani, hii inaruka". Kuruka ilikuwa inaruka kweli, tena vibaya. Asubuhi ikiwaka inatetemeka inamisi kama dakika nzima ndo inatulia, kwenye foleni ya Morocco ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) inapanda inashuka, ukikanyaga kuanzia mizunguko 4500 kwa dakika inakata nguvu halafu inarudi, ekzosi mdomoni nyeusi tii, na ukichomoa stiki ya oili unasikia harufu ya petroli. Taa ya injini ikawa haizimi. Kodi mbili za makosa kwenye kompyuta zilikuwa zinarudi kila ukifuta, P0171 yaani mchanganyiko mwepesi, hewa imezidi mafuta, na P0087, presha ya mafuta kwenye reli, bomba linalogawa petroli kwa silinda, iko chini.

Sasa kabla ya kuendelea, kwa wale ambao hawajui hizi injini zinatofautiana nini na ya IST yako. Kwenye injini ya kawaida nozeli inamwaga petroli nje ya silinda, kwenye njia ya hewa, nyuma ya vavu, na inaweza kumwaga hata vavu ikiwa imefungwa, petroli inakaa pale inasubiri. Kwenye hizi za daireki injekshen nozeli imeingia ndani ya silinda kabisa, inapuliza kwa presha kubwa, kwa hii yangu hadi kama bar 150 na za miaka ya karibuni zinaenda 200 mpaka 350. Faida ni kwamba petroli inapogeuka mvuke mle ndani inapoza hewa, kwa hiyo wanaweza kubana zaidi bila injini kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Hasara ni muda. Injini ikiwa mizunguko 6000 pistoni inatoka juu kufika chini kwa milisekunde 5 tu, na ni humo humo pamoja na kipande cha kupanda ndo petroli yote iwe imeshaingia, imeshachanganyika na hewa, tayari kwa plagi. Injini ya kawaida ina mzunguko mzima wa milisekunde 20 kujipanga. Ndo maana kutyuni hizi gari sio kazi ya mtu mwenye laptop na kebo tu, ukimwambia kompyuta iongeze mafuta haimaanishi mafuta yapo au muda upo.

Na kuhusu mchanganyiko wenyewe, namba ya kukumbuka ni 14.7, yaani kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, hapo vyote vinaisha kuungua hakuna kinachobaki, wanaita lamda moja. Ukiwa unatembea taratibu kompyuta inajitahidi kukaa hapo maana ndipo katalisti, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, inapofanya kazi vizuri. Ukikanyaga mpaka chini inaongeza mafuta kwa makusudi, lamda inashuka chini ya moja, kwa gari yenye tabo unaongelea 0.8 na kitu, ili kupata nguvu na kupoza pistoni na tabo. Mwepesi sana wakati wa mzigo joto linapanda injini inaanza kugonga, mzito sana unamwaga petroli ukutani mwa silinda inachuruzika kwenye oili na unatoa masizi. Yangu ilikuwa na yote mawili kwa wakati mmoja, na ndicho kilichonichanganya.

Siku ya kwanza nimefika pale nikamwambia fundi mkuu kaka nataka unitolee hili faili uniwekee la kwako, akasema "bosi wangu faili baadaye, kwanza tuone gari inapumua vipi". Kwangu hapo ndo alipata alama. Akachomeka mashine yake, hakwenda kwenye kodi hata, akaenda kwenye fyueli trimu. Hiyo ni asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kulinganisha na hesabu yake ya kiwandani, ikiwa ndani ya tano juu au chini gari ni nzima, ikizidi kumi kuna jambo. Yangu ikiwa sailensi ilikuwa inasoma 16 juu, kompyuta inaongeza mafuta kama kichaa. Akapandisha mizunguko mpaka 2500 akaishikilia hapo, ikashuka ikakaa 3. Akanigeukia akasema hiyo ni hewa ya wizi, inaingia baada ya sensa ya kupima hewa. Sababu yake iko wazi, tundu ni lile lile saizi ile ile, ikiwa sailensi injini inavuta hewa kidogo kwa hiyo hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya yote, ukipandisha mizunguko hewa halali inakuwa nyingi ile ya wizi inamezwa. Ingekuwa kinyume, sawa chini halafu inapanda ukikanyaga, ungeangalia upande wa mafuta.

Hapo kulikuwa na mluzi mdogo juu ya injini ambao mimi nilishauzoea nikajua ndo sauti ya gari. Akainamisha kichwa, akapapasa juu ya PCV, ile dude nyeusi ya plastiki iliyokaa juu ya kava ya vavu, ina katundu kadogo pembeni, akakaziba kwa ncha ya kidole. Mluzi ukakata palepale. Akaniambia angalia skrini, namba zikaanza kushuka, 16, 12, 9, 5. Akatoa kidole, mluzi ukarudi na namba zikaanza kupanda tena. Raba ya ndani ilikuwa imechanika, ni ugonjwa unaojulikana wa hizi injini. Mtu aliyeweka faili la kwanza aliona gari ina njaa ya mafuta akaongeza mafuta kila mahali kwenye ramani badala ya kuziba tundu, ndo maana kwenye mzigo wa kati gari ilikuwa nzito inatoa masizi na kunusisha oili huku sailensi ikilia njaa.

Vavu sasa. Kwa kuwa petroli haipiti juu ya vavu za kuingizia hewa, hakuna kinachoziosha, na mvuke wa oili unaotoka PCV unakuja kukaukia pale pale. Akafungua inteki manifodi, bomba la kuingizia hewa, akanionyesha kwa tochi ya simu, aisee, kaboni imeganda nene kama ukoko wa wali chini ya sufuria, vavu mbili za silinda ya tatu njia ya hewa imebaki nusu. Na hili nalo linaharibu mchanganyiko, kila silinda inavuta hewa yake tofauti, kompyuta inapima wastani tu kwenye ekzosi, kwa hiyo moja inaungua nzito nyingine nyepesi na wastani unasoma vizuri. Ndo ile kumisi ya asubuhi. Wenzetu Ulaya wanapuliza kwa unga wa maganda ya njugu za wolnati, hawa wanatumia dawa, wanalowanisha usiku kucha, asubuhi wanakwangua kwa brashi na kunyonya uchafu, vavu zikiwa zimefungwa silinda moja baada ya nyingine kitu kisidondokee ndani. Ni kazi ya mikono, polepole, na laki nne na nusu nimeona ni haki. Dawa ya kumimina kwenye tenki haifiki kwenye hizo vavu, ikipita inapita kwenye nozeli ndani ya silinda, kwa hiyo wale wanaowauzia chupa za kusafisha vavu kwenye sheli kwa gari ya daireki injekshen wanawapiga.

Baada ya hapo sailensi ikatulia kabisa ila juu bado ilikuwa inakata nguvu, na hapa ndo kuna sehemu nimeipenda kuliko zote. Tukatoka alfajiri, tukavuka daraja la Kigamboni tukaenda mbele huko barabara ikiwa tupu, gia ya tatu, kutoka 2000 mpaka 6000 pedali ya mafuta chini kabisa, laptop inarekodi. Tukaegesha pembeni akafungua mchoro wa kurekodi. Kompyuta inaomba presha ya reli bar 130, inapata 130, vizuri mpaka 4500, halafu inaanza kuteleza, 120, 110, mwisho 95. Chini yake lamda, inaombwa 0.84 inatoka 0.94. Na taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha, inarudishwa nyuma nyuzi sita saba kwenye silinda mbili maana sensa ya kugonga inasikia. Presha ikishuka kutoka 130 mpaka 95, kwa muda ule ule wa nozeli kufunguka unakosa kama asilimia 15 ya petroli, na muda wa kuongeza haupo, milisekunde ni zile zile. Gari ilikuwa inaenda nyepesi pale pale ambapo inatakiwa iwe nzito, na tabo imeongezewa busti, yaani presha ya hewa. Miezi michache hivyo na pistoni inayeyuka.

Fundi mwingine angekuuzia pampu ya presha kubwa hapo hapo, ile inayosukumwa na kemshafti, na ile sio pesa ndogo. Huyu akapima kwanza pampu ya chini, ya kwenye tenki, ambayo kazi yake ni kuileta petroli mbele kwa bar chache tu, akakuta ikibanwa na mahitaji inashuka. Pampu kubwa haiwezi kubana kisichofika. Alipotoa ya kwenye tenki chujio lake lilikuwa na matope ya kahawia, si mnajua tena mambo ya wese la kuchakachua na tenki za vituo zisizosafishwa. Ikawekwa mpya, tukarudi barabarani, 130 ikasimama 130 mpaka mwisho. Bado ilikuwa na faili lile lile la zamani na ilikuwa tayari ni gari nyingine.

Naandika haya yote kwa urefu kwa sababu mjini hapa kuna watu wanakutyunia kwa laki tatu, anakuja mpaka nyumbani, anachomeka kebo, anapakua faili limetoka mtandaoni anakuwekea, dakika ishirini kaondoka. Hajaangalia trimu, hajarekodi chochote. Ukikutana nao muulize swali moja tu, lamda umeisomea wapi. Gari nyingi za zamani zina sensa ya oksijeni inayojua mambo mawili tu, nzito au nyepesi, haikuambii kwa kiasi gani, huwezi kutyuni mzigo mkubwa kwa hiyo hata uwe malaika. Inatakiwa ile pana, ya waya tano na kuendelea, hizi GTI zinayo mbele ya katalisti kutoka kiwandani, gari isiyonayo fundi inabidi aje na ya kwake aifunge kwenye ekzosi. Akianza kubabaika mpe soda aende.

Halafu kuna hili la watu kusema daireki injekshen ni balaa kwa sababu ya D4, zile injini za Toyota za daireki injekshen za zamani. Naelewa hofu, Noah na Brevis zimewatesa watu hapa Dar. Ila zile ni kizazi kingine, Mitsubishi walipoleta GDI mwaka 1996 kwenye Galant na Toyota na D4 yao mwaka huo huo, mchezo ulikuwa kuungua kwa mchanganyiko mwepesi kupita kiasi, mpaka 40 kwa 1 gari ikitembea taratibu, petroli kidogo inakusanywa karibu na plagi tu silinda iliyobaki hewa tupu. Ukileta chombo cha hivyo kwenye wese la bongo, plagi feki na fundi anayesafisha trotobodi kwa petroli na kitambaa, lazima kife. Gari ya sasa kama TSI inakaa 14.7 muda mwingi, ina uvumilivu zaidi. Toyota wenyewe baadaye wakaja na D4-S, nozeli mbili kwa kila silinda, moja ndani moja nje, na ile ya nje inasaidia kuziosha vavu.

Rimapu. Hakuniwekea namba kubwa za kujisifia kijiweni, na hili lilinikera kidogo siku ile ila sasa namuelewa. Mafaili ya Ulaya mengi yametengenezwa kwa petroli ya oktani 98 na hali ya hewa yao, sisi tuko usawa wa bahari na joto la nyuzi 32, ukikaa foleni ya Mwenge nusu saa hewa inayoingia kwenye injini inasoma 55. Kwa hiyo taimingi akaiweka ya kiungwana, lamda kwenye mzigo kamili 0.83 hadi 0.84, busti ya wastani. Na chini ya mizunguko 2200 akabana nguvu kusudi, maana hizi injini ndogo zenye tabo na daireki injekshen zina ugonjwa wa kujiwasha kabla ya plagi ukikanyaga sana gia kubwa mizunguko midogo, mshindo mmoja wa hivyo unaweza kuvunja pistoni. Ndo sababu pia alinikatalia oili niliyokuja nayo, akataka yenye kiwango cha VW 502, na kwa wenye injini mpya ndogo za tabo aliniambia watafute kopo limeandikwa API SP, daraja lililotoka 2020 na moja ya sababu zake ni ugonjwa huo huo.

Matokeo nayaona kila siku. Asubuhi inawaka na kutulia hapo hapo. Trimu sasa zinacheza kati ya sifuri na mbili. Mjini ilikuwa inanipa kilomita 7 kwa lita, sasa 9, barabara ya Bagamoyo ikiwa wazi zaidi ya hapo. Ekzosi bado ina weusi kidogo, na ni kawaida ya daireki injekshen hata ikiwa nzima. Ukikanyaga inavuta moja kwa moja mpaka juu bila kusita, kiasi kwamba lazima uwe na nidhamu na wenye tochi.

Sasa malalamiko. Kwanza hawa watu "kesho" yao haina tarehe. Gari ilikaa pale inasubiri PCV ambayo niliambiwa "ipo Ilala hapo naifuata sasa hivi", kumbe iliagizwa Dubai, ungeniambia tu nipange mambo yangu, mimi nazunguka na Bolt kila siku pesa inakatika. Ukipiga simu haipokelewi, ukienda mwenyewe ndo unapata majibu, tena ya kirafiki kabisa, unaletewa na maji ya baridi, unaondoka umesahau ulikuja kugomba. Pili, risiti. Mashine ya EFD "ina shida ya mtandao" muda wote niliokuwa nao pale, aisee mtu anayeweza kuona kosa la milisekunde kwenye injini anashindwa na mashine ya risiti? Tatu, hawana daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari ikiwa imesimama. Vipimo vyote vinafanyika barabara ya umma, hata kama ni alfajiri kuna bodaboda na watu wanawahi kivuko, gereji inayotoza bei hizi ilitakiwa iwe na sehemu yake.

La nne ndo kubwa kwangu. Tulikubaliana kabla ya kazi kwamba nitapewa nakala ya faili la kiwandani na ile michoro yote ya kurekodi, kabla na baada, ili siku nikienda kwa fundi mwingine au nikiuza gari niwe nayo. Michoro nilitumiwa. Faili, naambiwa mara liko kwenye kompyuta ya ofisini, mara mwenye kompyuta kasafiri. Nimewaandikia wasapu tena wiki hii, tiki za bluu zipo, jibu hakuna, halafu jamaa kapandisha status anauza rimu za inchi 18.